Pampu ya Upepo Iliponyamaza

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku aliongozana na shangazi yake hadi kwenye mnara wa pampu. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shangazi, fundi wa pampu ya upepo, alipanda ngazi na kopo la grisi, na Chiriku akapiga soga chini. Juu yao gurudumu la mapanga ya bati lilizunguka na kuvuta maji ya kisima hadi kwenye tangi la kijiji.

"Shangazi, hivi nani alianza kuutumikisha upepo?"

"Watu wa kale, mwanangu. Zaidi ya miaka elfu iliyopita walisaga nafaka kwa vinu vya upepo. Wengine wakautumia kuvuta maji, kama sisi. Siku hizi unawasha hata taa. Ila upepo hauna simile. Ukichacha, funga gurudumu."

Wiki hiyo Shangazi alisafiri kutafuta vipuri. "Upepo ukizidi, vuta mpini wa breki, uutie kwenye ndoano. Umesikia?"

"Nimesikia! Hata nikiwa usingizini nitaufunga."

Siku ya pili alasiri, Chiriku alikuwa uwanjani akicheza mpira wa pete. Vumbi likatimka. Aliliona gurudumu likienda kasi mpaka mapanga hayaonekani. "Bado mabao mawili tu," akajisemea. Kabla hayajafungwa, kilisikika kishindo. Mapanga matatu yaling'oka, na fimbo ya pampu ikapinda.

"Ulifunga breki?" mwenyekiti wa kamati ya maji alimuuliza.

Chiriku akajibu haraka, "Nilifunga, Mzee. Ndoano... ndoano ilifyatuka."

Shangazi aliporudi, kamati ilimnyang'anya funguo za pampu kwa kuacha ndoano mbovu. Aliifungua ndoano mnarani, akaenda nayo nyumbani. Jioni alikaa mlangoni, akiipapasa ndoano ile kwa kidole gumba. "Niliikagua juzi tu," alinong'ona. "Au macho yangu yamezeeka?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini kusema hakusema.

Siku ya nne baada ya pampu kuvunjika, bila fundi wa kuitengeneza, tangi lilikauka. Watu walichota maji ya bwawa walimonywea ng'ombe. Bustani ya shule ikanyauka. Mdogo wake Chiriku akaanza kuharisha, macho yakamzama, hata kulia hakuweza. "Ni maji ya bwawa," alisema muuguzi. "Mchemshieni kila tone, na msikome kumnywesha." Mama alikesha naye mapajani. Chiriku, ambaye zamani hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni, alipitisha siku nzima bila neno.

Kisha kamati ikaitisha mkutano chini ya mnara. "Hatuna fundi wa kuaminika," alisema mwenyekiti. "Tuuze mnara huu kama chuma chakavu, tuzoee bwawa."

Shangazi aliinamisha kichwa. Hapo Chiriku akasimama.

"Sikufunga breki. Nilikuwa nacheza. Ndoano ni nzima. Nilidanganya."

Mwenyekiti aliichukua ndoano mkononi mwa Shangazi, akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikupinda. "Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "tumekuvunjia heshima. Tusamehe." Akamrudishia funguo.

Matengenezo yalichukua wiki tatu. Chiriku alibeba mabati na kusugua kutu hadi viganja vikatoka malengelenge. Hakuna aliyemtania. Mdogo wake alipona, lakini alibaki mifupa mitupu. Bustani haikurudi.

Maji yalipotoka, yalianza na tope, kisha yakawa meupe. Watu walishangilia. Chiriku alilia.

"Shangazi, umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Ila nisikilize." Shangazi aliweka nyundo chini. "Unadhani vinu vya watu wa kale havikuvunjika? Vilivunjika mara nyingi. Lakini aliyekosea aliposema, 'Hapa ndipo nilipoharibu,' walijua pa kurekebisha. Wewe ulitupeleka kwenye ndoano isiyo na kosa, na mtoto akakaribia kufa. Kuvunja chombo ni ajali au uzembe, na hutengenezeka. Uongo huficha palipovunjika. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata ukitetemeka."

"Nitasema, Shangazi."

"Haya. Shika hiyo spana, kaza boliti ya chini. Mimi nitaikagua baada yako."