Vidonge vya Shangazi Seini

Kila asubuhi Fusipala aliamka, akawamwagia nguruwe makombo na kufagia majani ya mshelisheli uani. Kisha alikunywa chai kwa mhogo wa kuchemsha, akavaa sare, akafunga mkeka wake mdogo kiunoni juu ya sare, kama ilivyo desturi ya kisiwa chao, na kwenda shule peke yake.

Mama yake alikuwa Australia, akichuma nyanya katika mashamba ya watu. Asingerudi kisiwani kwao Vava'u mpaka msimu uishe. Tangu aondoke, Fusipala alidonoa chakula kama ndege, na usingizi ulimpaa. Bibi yake, Kalolaine, alipomuuliza ana nini, alijibu, "Sina kitu, Bibi."

Kisha akaingiwa na chawa kichwani. Bibi akamnyoa kipara. Shuleni wenzake walimpokea kwa vicheko.

"Tazameni nazi iliyofuliwa!" Meleane alipiga kelele. Meleane huyo ndiye aliyekuwa rafiki yake. Siku hiyo hiyo alihamia dawati lingine.

Wiki hiyo lilifika sanduku kutoka kwa Mama. Ndani yake, pamoja na nguo na sabuni, mlikuwa na chupa ya vidonge vya kukuza nywele, zawadi ya kumpelekea Shangazi Seini, dada wa baba yake. Kwa desturi yao shangazi wa upande wa baba huheshimiwa kuliko wote, na kitu chake hakiguswi. Hata baba mtu hathubutu. Lakini Fusipala alipapasa kichwa chake, akaichukua chupa kabla Bibi hajaiona na kuificha chini ya godoro. Kila siku alimeza vidonge, tena kwa kuzidisha, ili nywele ziote upesi.

Siku moja, katika mazoezi ya kwaya, alizimia. Alikuwa hajala tangu jana yake. Hospitalini walimtoa damu, na majibu yalipokuja Daktari Vehikite alikunja uso.

"Homoni za tezi ya shingo ziko juu sana," alimwambia Bibi. "Ila ninashangaa. Shingo haijavimba, mikono haitetemeki, na moyo unapiga sawasawa. Fusipala, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna," alisema Fusipala, macho chini.

"Basi itabidi apelekwe hospitali kuu kwa meli. Mleteni tena kesho kutwa, nimwanzishie dawa ya kuipunguza nguvu tezi hiyo wakati mkiisubiri meli."

Habari zilitangulia shuleni. "Usikae karibu naye, utaambukizwa shingo!" walinong'onezana. Wakati wa mapumziko alikula peke yake nyuma ya tangi la maji, akiwasikiliza wenzake wakiimba.

Jioni Mama, aliyekwisha kupata habari kwa Bibi, alipiga simu. "Ninakuja, mwanangu. Nimeshamwambia msimamizi wa shamba."

Moyo wa Fusipala uliruka kwa furaha. Mama anarudi! Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu kuhusu vile vidonge. Ndipo akasikia kwikwi upande wa pili. Mama alikuwa akilia, akijaribu kuzuia sauti isisikike.

"Mama, usilie," alisema.

"Silii. Mafua tu haya."

Baada ya simu Bibi aliinama mezani, akamwomba Mungu ayachukue maradhi ya mtoto na kumpa yeye. Fusipala alimsikiliza hadi mwisho.

Siku ya kurudi hospitalini, daktari alikuwa ameshaishika kalamu aandike dawa.

"Daktari, subiri," Fusipala alisema. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Nilidanganya. Nimekuwa nikimeza vidonge vya nywele. Ni vya Shangazi. Nilimwibia."

Bibi alishika kifua. "Wewe mtoto!"

Daktari aliweka kalamu chini. "Vidonge hivyo huwa na vitamini inayoweza kukivuruga kipimo chetu, kikasoma homoni nyingi mahali ambapo hazipo. Huenda tezi yako ni nzima kabisa. Ningekupa ile dawa, ndiyo ingekuumiza. Usivimeze tena. Baada ya wiki moja tutapima upya."

Kwa Shangazi Seini alikwenda mwenyewe. Alikaa chini, akainamisha kichwa, akamwekea chupa mbele na kumweleza yote.

Shangazi aliisogeza chupa kando. "Hiki ulichofanya ni kibaya, na unajua," alisema. "Lakini kwa nini hukuja kuniambia kwamba wanakucheka?"

"Niliona nikisema, Mama atahangaika."

"Mimi je? Mimi ni mtu baki?"

Kipimo cha pili kilikuja safi. Mama akabaki shambani, na Fusipala alilia sana siku hiyo, kwa sababu alikuwa amemtamani kweli. Safari hii alimwambia kwenye simu: "Ninakukumbuka, Mama. Silali." Wakaongea mpaka salio likakatika. Tangu siku hiyo Shangazi alimchukua kila alasiri wakagonge pamoja magome ya miti ya kutengenezea nguo, na akamkazania ale. Meleane hakurudi upesi kwenye dawati la Fusipala.

Siku ya kuagana hospitalini, Daktari Vehikite alimshika bega.

"Mashine ilisema una ugonjwa ambao huna," alisema. "Nawe ulimwambia Bibi yako huna kitu, kumbe ulikuwa na upweke. Tulidanganywa mara mbili. Mwanangu, mwambie daktari kila unachokimeza, na waambie wakubwa wako kila kinachokuuma. Hatuwezi kutibu tusichoambiwa."