Aliyeitikia Jina la Fridolin

Jumapili hiyo Fridolin aliitika.

Mwalimu Margareta alikuwa amerudi kutoka misa ya pili, amevua viatu, amekaa sebuleni kwake Lipangalala na rejista mapajani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Saa tano kamili, kama kila Jumapili, aliwapigia wenzake wawili simu ya pamoja akaanza kuita majina.

"Beatus."

"Nipo," akajibu Beatus kutoka Idete.

"Fridolin."

Hapo Beatus alitakiwa akohoe, ageuze sauti, aseme "nipo" kwa niaba ya rafiki yake aliyekufa, Oliva acheke kule Mahenge, kisha waendelee. Safari hii hakuwahi.

"Nipo," ilisema sauti nyingine, nzito, ya mtu anayeongea na maji mdomoni.

"Beatus, leo umeipatia!" Oliva alicheka.

"Si mimi," Beatus alisema. "Kiranja, haki ya Mungu, mimi nilikuwa bado natafuna muhogo."

Kiranja alikuwa Margareta. Darasa lao la ualimu lilihitimu mwaka sabini na tatu, watu arobaini na mmoja, na tangu hapo hakuachia ukiranja wala hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Wengine wakistaafu hupumzika. Yeye aliita mahudhurio, kwanza kwa barua, baadaye kwa simu. Alikuwa na sheria moja tu: jina halikatwi mpaka yeye mwenyewe atupe udongo kaburini. Ametupa udongo kwenye makaburi thelathini na saba, akakata majina thelathini na saba kwa wino mwekundu. Fridolin hakuwa na kaburi. Mwaka wa mvua za elnino, kabla daraja halijajengwa, kiboko aliupindua mtumbwi wake pale Kivukoni, mto ukamchukua, hata shati lake halikuonekana. Basi hakukatwa. Na kwa kuwa chuoni alikuwa mtoro namba moja, kila asubuhi yuko mtoni na ndoano huku Beatus akimwitikia darasani, waliona ni utani wa upendo kuendelea hivyo hivyo. Zaidi ya miaka ishirini na tano walisema yupo mtu ambaye hayupo, na wote ni walimu, watu wenye vyeti. Mimi siwaelewi.

Margareta alipokata simu alisikia harufu ya tope na samaki waliolala. Alikagua jikoni, akainama kuchungulia chini ya kabati. Hakukuwa na samaki. Ila sakafu, pale mbele ya kiti cha wageni, ilikuwa imelowa.

Jumapili iliyofuata Oliva aliomba kwa kunong'ona. "Margareta, jina la Fridolin liruke. Mimi silali."

"Nikimruka yeye leo, kesho nitamruka nani? Wewe?" Margareta alikuwa mkali kila alipoogopa. Akafungua rejista. "Beatus."

"Nipo."

Sauti haikuwa ya Beatus. Beatus walimsikia akihema upande wa pili.

"Mimi sijaitika bado," alisema polepole. "Kiranja, niite tena."

Alimwita tena, na ile sauti ikaitika tena, ila safari hii haikutoka kwenye simu. Ilitoka kwenye kiti cha wageni, hatua mbili kutoka magoti yake, na kiti kikalia kidogo kama kinavyolia mtu mnene akijiweka sawa.

Jumatano majirani walivunja mlango wa Beatus. Ilikuwa kiangazi, majaruba ya Idete yamepasuka, na hata ndoo zake zilikuwa tupu. Walimkuta kitandani, godoro limelowa chepechepe, na walipomgeuza maji ya kahawia yalimtoka puani na mdomoni pamoja na vipande vya majani ya mtoni. Margareta alimtupia udongo. Alipolikata jina lake, ule mstari mwekundu ulienda upogo.

Akabaki Oliva. Walilala kitanda kimoja cha juu na chini miaka yote ya chuo, wakazikiana waume, na kwa Margareta hakuna ndugu wa tumbo moja aliyemfikia. Hakutaka kingine duniani ila huyo asiguswe. Padre alikuja akanyunyiza maji ya baraka nyumba nzima. Harufu ikahama sebuleni ikaingia chumbani. Ndipo yule mwalimu aliyewahi kuwachapa watoto kwa kuvaa hirizi alipojifunga kanga ya pili na kwenda kwa Nyamizi, mganga wa Kisukuma, kwenye maboma ya wafugaji nje ya Idete.

Nyamizi alimwamkia kwa kupiga goti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo siye rafiki yako, mayu, mama yangu," alisema. "Rafiki yako alikufa siku ile ile, akapumzika. Huyu ni jini wa mtoni. Alisikia jina halina mwenyewe, na kila wiki watu wazima na akili zao wanasema yupo, yupo. Akalichukua. Sasa amezoea, anataka na mengine."

"Oliva nimwokoeje?"

"Mzikeni yule wa mtoni. Halafu usiite tena jina la mtu. Na mwenzako asiitike kitu asichokiona kwa macho."

Yeye na mganga walizika mgomba, kama wanavyozikwa watu ambao miili yao imepotea, wakauvika sanda nyeupe na kuufukia ukingoni Kivukoni mchana kweupe. Margareta alitupa udongo, akakata jina la Fridolin, akalia kama ndiyo kwanza amepata habari. Jioni alimpigia Oliva.

"Jumapili sikupigii. Ukisikia unaitwa, usiitike mpaka umwone mtu."

"Hata mwanangu Rosemery?"

"Hata yeye."

"Sasa Jumapili nitaongea na nani, Margareta?"

Jumapili ilipofika Margareta alizima simu, akakaa na mikono mapajani akiisikiliza saa ya ukutani, akinusa hewa, akikitazama kiti cha wageni mpaka macho yakamwuma, akitega sikio kila bomba la nje lilipodondosha tone, na saa tano ikapita, na saa tano na nusu, na sakafu ikabaki kavu, na harufu haikuja, mpaka saa sita akapiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumatatu alfajiri Rosemery alipiga simu, analia.

"Mama mkubwa, mama ametutoka. Na wewe jana mbona uliondoka bila kuaga?"

"Niliondoka wapi?"

"Hapa kwetu. Saa tano ulimwita dirishani, nilikusikia mwenyewe nikiwa jikoni. Mama alifurahi jamani! Akasema, amepanda mlima kunifuata, ameshindwa kukaa. Akaitika kabla hajaufikia mlango. Nikatoka na kiti, sikukuona. Tangu hapo akawa analalamika baridi. Asubuhi hii godoro lote maji."

Margareta alipanda basi la Mahenge, akavuka daraja la Kivukoni macho amefumba. Udongo wa kaburi la Oliva ulikuwa mwekundu na mkavu. Jina hakulikata, kalamu ilimshinda.

Nyamizi alimfuata mpaka Lipangalala. "Umebaki peke yako, mayu, na kwako atakuja. Nyamaza tu. Akiita Jumapili tatu bila kuitikiwa, anaondoka. Unanisikia? Ni kunyamaza tu."

Jumapili ya kwanza jini alimwita uani kwa sauti ya Beatus. Margareta aliuma pindo la kanga mpaka sauti ikachoka. Jumapili ya pili ilikuwa sauti ya Fridolin, ya kijana, kama ilivyokuwa chuoni, na pia akanyamaza. Katikati ya wiki watu walikuja kumpa pole. Waliingia, wakakaa, wakasema pole Mwalimu, shikamoo Bibi, pole sana Mama, wakanywa chai wakaondoka, na yeye akahesabu mlango ulipofungwa kwamba siku nne nzima hakuna aliyemtaja kwa jina lake.

Jumapili ya tatu, saa tano, harufu ya tope ilikuja kwanza. Kisha maji yakaanza kupita chini ya mlango, taratibu, ya kahawia, yakauzunguka mguu wa meza.

"Margareta," aliita Oliva kutoka nje.

Ilikuwa sauti yake kabisa, na kale kakikohozi kake mwishoni. Margareta alijua si Oliva. Alijua bila shaka yoyote, kama anavyojua mbili mara mbili. Alijua pia kwamba amebakiza dakika chache tu, na baada ya hapo atakuwa salama, ataishi miaka mingine mitano au kumi hapa Lipangalala, Mwalimu wa watu, Bibi wa watu, na katika dunia nzima hatakuwepo mtu hata mmoja wa kumwita Margareta.

"Margareta," sauti ilirudia, kwa upole. "Upo?"

Aliikunja miwani akaiweka mezani. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na hayakuwa baridi kama alivyotarajia.

"Nipo," alisema, akaenda kufungua mlango.