Nilivaa Macho ya Mama Mkwe

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mkulima wa kahawa huku Ukata, Mbinga. Wasomaji wenzangu, msinicheke... Haya hata padri nilimweleza nusu tu.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka ya Mbinga mjini yalijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Vitenge! Masufuria yanayong'aa! Mimi nikiona kitenge kipya mkono unaniwasha. Sanduku lilijaa, vingine sijavivaa hata mara moja, na bado nataka. Ugonjwa gani huu, jamani?

Fedha sikuwa nazo, lakini magoma yalikuwepo. Unamuuzia mtu kahawa ikiwa bado kijani mtini, kwa bei ya kutupa, unachukua vitu leo. Mavuno yakifika, kahawa ni yake.

Mwaka huo mume wangu, Baba Desi, aliteremka Lundo ziwani kuchuuza dagaa. Mama yake, tuliyekuwa tukiishi naye, alishapofuka jicho moja. La pili daktari alisema litapona likiwahiwa.

"Mama Desi," mume wangu aliniambia kabla ya kuondoka, "kahawa hii usiiguse. Ni ya macho ya mama."

Nikaapa! Wala hajafika mbali, nikaingia dukani kununua chumvi. Mwenye duka akanikunjulia kitenge cha zambarau chenye maua ya njano. Akasema, "Chukua tu dada, utalipa kwa magoma."

Nilijiambia ni mstari mmoja tu wa mibuni. Kisha viatu... Kisha masufuria... Nikirudi nyumbani nalia, na nikishalia narudi tena dukani. Kahawa ikaisha yote ikiwa kijani!

Ilipoiva, mwenye duka alileta vibarua wake. Nikamwangukia anipe kazi. Nikachuma kahawa yangu mwenyewe kama kibarua!

Baba Desi alinikuta humo, ametoka ziwani na tenga la dagaa. Akauliza, "Hawa watu wanamchumia nani?" Nikaendelea kuchuma. Hakunipiga. Heri angenipiga! Aliuza dagaa, akahangaika huku na huko, akampeleka mama hospitali. Daktari akasema tumechelewa.

Vitenge vyote niligawa, nikabaki na kile cha zambarau. Jumapili moja, tukienda misani, nilimshika mama mkono. Akapapasa nguo yangu, akatabasamu.

"Kipya hiki, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Rangi gani?"



Dada zangu, nawasihi, magoma msiyaonje. Kama mkono unawawasha kama wangu, semeni mapema nyumbani, msiingie dukani peke yenu. Mimi sikusema, niliona aibu.

Sasa mibuni imechanua tena, shamba lote jeupe. Jana mwenye duka alinipungia mkono kutoka barazani, akaniambia mzigo mpya umefika. Nilipita bila kuitikia... lakini mkono, ndugu zangu, mkono uliniwasha hadi nyumbani.