Kadi ya Sauti ya Marehemu Donat

Kabla sijaanza, niseme kosa langu, maana Bwana analijua na sipendi ulisikie kwa mwingine. Nilimdanganya mjane, mchana kweupe, nikiwa nimekalia kiti chake.

Mwaka ule wa 1999 nilikuwa fundi redio mjini Gisenyi. Nilizaliwa Karagwe, ukimbizini. Tuliporudi Rwanda nikafungua kibanda karibu na soko. Shule niliishia la saba. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua tu. Jumapili niliimba besi kwenye kwaya ya waliookoka. Watu walisema sauti yangu inatikisa vioo vya kanisa, nami nilijivuna. Na hilo Mungu anisamehe.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, Illuminée akaniita nyumbani kwake. Jua lilikuwa zuri, ziwa limetulia, na upande wa Goma mlima unafuka moshi kama kawaida yake. Mume wake, Donat, alikuwa karani. Alikufa kwa homa mwaka uliotangulia, kabla mimi sijahamia mji ule. Hatukuwahi kuonana. Likumbuke hilo.

"Karibu, fundi," Illuminée akasema, akinionyesha kompyuta mezani. "Ordinateur inawaka muzuri, lakini haiseme tena. Na sauti ya Donat iko mule ndani, alijirekodi na mutoto. Kesho iko misa yake ya mwaka. Diane anaanza kusahau baba yake alikuwa anasema namna gani. Mi nataka amusikie."

Diane mwenyewe, mtoto asiyetimiza hata miaka saba, alikuwa ameketi kizingitini, ananitazama mikono.

Béata, dada yake Illuminée, alikuwa akichambua maharagwe. "Fundi ya redio atapasua ordinateur? Yesu Maria!"

"Nitajaribu, dada yangu."

"Nitajaribu, dada yangu! Musikie hiyo Kiswahili! Anasema kama redio yenyewe. Bon, labda wataelewana."

Tukacheka wote. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka kwa sauti.

Nikaanza na mambo mepesi. Kile kialama cha sauti pale chini ya kioo hakikuwa kimezimwa. Spika nikazijaribu kwenye redio yangu, zikalia. Waya ulikuwa kwenye tundu lake. Basi nikachomoa umeme, nikafungua kasha. Vumbi tele. Kadi ya sauti, kile kibao ambacho bila yake kompyuta ni bubu, ilikuwa imelegea kwenye nafasi yake. Labda kompyuta ilitikiswa siku ya kuhamishwa. Nikaikandamiza mpaka ikakaa. Nikawasha. Ikalia.

Kazi ilikuwa imekwisha. Ningemwita mwenye nyumba, nikanywa chai, nikaenda zangu.

Lakini akina dada walikuwa jikoni nyuma, na Diane amewafuata. Nikafungua ile rekodi peke yangu, kwa sauti ya chini.

"Diane!" Sauti ya mwanamume, ya upole.

"Karame!" mtoto akaitika. Kisha baba akacheka. Basi, ikaisha.

Kwetu mtoto akiitwa na mkubwa hasemi "abee" wala "naam". Anasema "Karame", yaani uishi miaka mingi. Mama alitufundisha hivyo kwa fimbo kule Karagwe, tusije tukasahau kwetu. Alitufundisha na jambo la pili: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza.

Nikajiambia, marehemu hasemi na walio hai. Kumsikiliza ni dhambi. Nani alinifanya mchungaji wa nyumba ya watu? Hakuna. Nikazima, nikang'oa ile kadi, nikaitia mfukoni mwa koti.

Illuminée akarudi na chai.

"Imeungua, mama," nikasema. "Haitengenezeki."

Hakulia. Aliweka vikombe mezani, akavigeuza geuza mishikio. "Bon," akanong'ona. "Basi mutoto hatamusikia." Akatoka, akisahau kunimiminia.

Nikabaki peke yangu, nafunga skrubu. Umeme nimechomoa. Spika nimezikunja waya, ziko mezani. Kadi iko mfukoni mwangu, naihisi kwenye mbavu.

"Callixte."

Sauti ilitoka ndani ya kasha. Ya upole. Kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Ndilo jina langu.

Na mimi, kwa mazoea ya fimbo za mama, nikajibu.

"Karame."

Nikageuka.

Diane alikuwa mlangoni. Sijui alirudi lini. Alinitazama bila woga wowote.

"Ni papa," akanong'ona. "Alikuita."

Nikafungua tena kasha. Nikairudisha kadi. Nikachomeka umeme na spika. Nikataka kumwita Illuminée, nikaona koo limekauka, nikampungia mtoto mkono amlete.

Wakaja wote. Nikaifungua rekodi.

"Diane!"

"Karame!"

Kile kicheko. Illuminée akafunika mdomo kwa kitenge. Diane akatabasamu, akasogea, akagusa spika. Nilidhani sasa itaisha, kama mwanzo.

Haikuisha.

"Callixte."

Halafu sauti nyingine. Nzito. Besi.

"Karame."

Maharagwe yakamwagika. "Huyu ni nani?" Béata akauliza polepole. "Fundi... si ni sauti yako?"

Nikafungua kinywa nimjibu.

Ikatoka pumzi tu.

Mpaka leo ni pumzi tu. Waganga wa hospitali walimulika koo, wakasema ni zima. Wachungaji waliniwekea mikono. Jumapili nasimama mstari wa besi, nachezesha midomo. Kwa Illuminée nilikwenda kuungama kwa kuandika, akasoma, akanirudishia karatasi. "Mi nimekusamehe, fundi," akasema. "Yeye, sijui."

Baadaye walihamia Goma kwa ndugu zao, na kompyuta ikauzwa. Nilipofika kuiulizia, nyumba ilikuwa na watu wengine. Hakuna aliyejua imekwenda wapi.

Ila kuna siku, niko kibandani, nimeshika bisibisi, koo linapata joto. Linajisogeza lenyewe, bila mimi, kwa namna ninayoijua: Ka-ra-me. Hapo najua kuna mtu, mahali fulani, ameifungua ile rekodi.

Huenda ni wewe. Huenda ulinunua kompyuta kuukuu, ukakuta mle rekodi fupi: baba anaita, mtoto anaitika, kisha mwanamume mwenye sauti nzito.

Tafadhali, usiifute. Ile ya mwisho ni yangu.