Matawi ya Lusiola

Tawi la kwanza Luseno alilikuta asubuhi, limelazwa kwenye ngazi ya chini ya jengo alilopanga na mkewe mtaani Tassia, jijini. Lilikuwa bichi, limekatwa kwa panga. Alilitambua: lusiola, mti wa kwao Butere. Tassia nzima haukuwapo hata mmoja.

Kesho yake yalikuwa mawili, ngazi za juu zaidi. Siku ya tatu jirani yake, Nzilani, alisimama na ndoo yake ya maji akicheka.

"Baba Lorine, ni trekta ya nani imeharibika hapa kwa ngazi? Si matawi huwekwa barabarani, watu wajue mbele kuna kitu kimesimama?"

"Ni watoto tu, Mama Mwanzia." Akayazoa, akayatupa mtaroni.

Mwaka uliotangulia, 1997, trekta la miwa alilokuwa akiendesha lilipata pancha jioni, njia ya Butere. Tela halikuwa na taa. Kukata matawi na kuyapanga nyuma yake ni kazi ya dakika kumi, lakini mvua ilikuwa ikinyesha na Luseno alikuwa na njaa. Akaenda kula. Mwalimu Tobias Shiundu akaja na pikipiki, akaingia chini ya tela, akafa papo hapo.

"Niliyaweka," Luseno aliapa kituoni. "Nafula, yule mjane, ndiye aliyeyabeba kwa kuni."

Nafula alifungwa. Alifia ndani.

Siku ya sita matawi yalifika mlangoni.

"Usiyaguse," mkewe, Asenath, alinong'ona. "Nikipita hapo kwa ngazi kuna chuma, Baba Lorine. Sikioni, lakini kinanigusa goti, baridi. Umekuwa ukimtaja Nafula usingizini. Nenda nyumbani ukaseme ukweli."

"Jumamosi nitaenda."

"Basi yaache mpaka Jumamosi. Anayeyaweka anatuonya."

Lakini majirani walikuwa wameanza kuuliza. Ijumaa jioni, Asenath akiwa sokoni, Luseno aliyafagia yote, ya mlangoni na ya ngazini. Stima zikapotea. Harufu ya maji ya miwa yaliyochacha ikapanda kutoka chini, na nyuma yake mlio wa mnyororo, kama ule wa tela, ukiburutwa juu ya saruji, polepole, ukasimama, na katika ukimya ule akasikia ndala za mkewe zikipanda, ngazi baada ya ngazi, haraka haraka kama mtu aliyeona njia ni nyeupe, akafungua kinywa amwite, na sauti haikutoka.

Chuma kililia mara moja.

Majirani walimkuta Asenath kwenye kona ya ngazi, kifua kimebonyea, sukumawiki zimetapakaa. Mbele yake hapakuwa na kitu.

"Matawi yako wapi?" Nzilani aliuliza. "Asubuhi yalikuwa hapa. Nani ameyatoa?"

Watu wote walimgeukia Luseno. Akamtazama mkewe, kisha akamtazama Nzilani.

"Ni wewe," alisema. "Uliyabeba kwa kuni."

Tangu jioni hiyo hapakuwekwa tawi jingine. Mnyororo peke yake ndio ulioendelea kusikika, na kila siku ulisimama karibu zaidi na mlango wake.