Mkebe wa Ndugu Walter

"Kipanga, geuza gari. Narudia, geuza gari. Usikanyage stesheni."

Barnabas alizima redio.

Kisha akakanyaga mafuta. Ford Cortina ilitoka Balsall Heath, mtaa wa Birmingham, kwa kishindo, ikalipita basi upande usioruhusiwa, ikamwacha polisi wa trafiki kashika kofia yake. Treni ya London ilikuwa karibu kuondoka stesheni ya New Street. Jagjit alikuwa pale, anasafiri, na mkononi ana mkebe wa peremende.

Peremende, eti!

Mkebe ule ulijaa pini za kufyatulia risasi, zilizochongwa kwa siri katika karakana moja ya Hockley. Bunduki zenyewe zilikwishafika Nairobi. Zilifichwa, zikingoja pini tu, ili wenye uchu wa Ikulu waanze kumwaga damu. Barnabas, jasusi wa serikali ya Kenya, aliyajua hayo yote. Jagjit hakujua lolote.

Mkuu wake, aliyekaa London, alikuwa ametoa amri: kijana aachwe asafiri, akamatwe uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, wapokeaji wajitokeze.

"Na yeye mwenyewe?" Barnabas aliuliza.

"Tutaona baadaye."

Baadaye gani? Kwa uhaini mtu hunyongwa.

Na nani aliyembebesha Jagjit mkebe huo? Barnabas mwenyewe.

Alikuwa ametumwa ajipenyeze ndani ya Udugu, chama cha wanafunzi wa chuo waliotoka Kenya na Uganda. Wakisii, Wakikuyu, Masingasinga, wote walikula kiapo kimoja. Ndugu hali peke yake. Ndugu akilazwa, hakosi mtu kitandani pake. Na anayekwenda nyumbani hubeba mizigo ya wenzake bila kuuliza. Haifungui. Mwenye kuutuma mzigo ndiye pekee anayeruhusiwa kuufungua. Viatu, picha na dawa za wazazi vilifika hivyo miaka yote, na hakuna aliyewahi kupoteza hata sindano.

Walter, mwenyekiti wao, ndiye aliyeuona mwanya akautumia.

Juzi Jagjit alisita. "Sanduku limejaa, yaani hata soksi haiingii."

Barnabas akacheka, akampiga bega. "We bwana! Mzigo wa ndugu huo. Acha soksi."

Jagjit aliacha soksi, akaacha na viatu. Alikuwa anakwenda Kisumu kumwuguza mama yake.

Jagjit huyu huyu ndiye aliyelala kitini wiki nzima kule hospitali ya Harborne, Barnabas alipougua nimonia. Lo! Jasusi mzima, bastola ya Beretta kwapani, anaendesha gari machozi yakimtoka. Aliona aibu, na ilikuwa haki yake kuiona.

Aliitelekeza Cortina mlangoni pa stesheni, akashuka ngazi mbio.

Ndugu wote walikuwa jukwaani wakiimba, kama desturi yao wanapomsindikiza mtu. Walter alisimama kwenye mlango wa behewa, akipokea sanduku. Jagjit alikuwa chini bado, akikumbatiwa.

"Barnabas!" Surjit, mmoja wao, alipiga kelele. "Si tuliambiwa unaumwa?"

"Jagjit, nipe huo mkebe."

Jagjit akaukumbatia. "Huu ni wa Walter."

"Mna vitu vya kuua watu humo. Nipe!"

"Acha mchezo. Sheria unaijua. Wewe ndiye uliyenikumbusha juzi."

Neno hilo lilimchoma. Angeweza kuupokonya, lakini ndugu wote wangemrukia, na Walter angepata nafasi ya kutoroka. Walikuwa wameapa kulindana, nao walikuwa watu wa kiapo kweli.

Basi akaitumia sheria yao.

"Haya. Afungue mwenye kuutuma. Hapa hapa."

Nyimbo zilikatika.

Walter akacheka. "Jamani, treni inaondoka! Mambo gani haya?"

"Fungua tu, Walter," Jagjit alisema kwa upole. "Aone peremende, roho yake itulie."

Walter alitia mkono ndani ya koti. Bastola ilitoka, Webley kubwa, ikielekezwa kifuani mwa Jagjit.

Barnabas aliupiga teke mlango wa behewa.

Mlango mzito ulijibamiza kwenye mkono wa Walter. Bastola ikaanguka. Walter alipoinua macho, Beretta ilikuwa inamtazama puani.

"Tulia, mwenyekiti."

Jagjit alibandua kifuniko cha mkebe kwa mikono yake mwenyewe. Zilikuwa pini tupu, mamia, zinang'aa. Alichutama pale pale. Surjit akamwinua.

Polisi walipomwondoa Walter, Jagjit alimjia Barnabas.

"Wewe ni nani?"

"Mtu wa serikali."

"Juzi, uliponicheka soksi. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua." Aliirudisha Beretta kwapani. "Nimekukosea, ndugu yangu. Nimekukosea vibaya sana."

Kipenga kililia. Jagjit akapanda, akashusha kioo cha dirisha.

"Ndugu akikosa huitwa mbele ya wenzake, ajieleze," alisema. "Nikirudi, nitakuita."

"Hata mimi?"

"Kwani hukuapa?"

Treni ikaondoka. Ndugu walibaki wakimtazama Barnabas, hakuna aliyemtukana, na heri wangemtukana. Alinyoosha tai, akawasha sigara, akapanda ngazi taratibu kama mtu asiye na deni na yeyote.

Garini aliifungua redio; mkuu wake alikuwa anafoka.

"Kipanga, umeharibu kazi nusu! Wapokeaji hatutawapata kirahisi. Unaondoka Birmingham leo hii. Utapewa jina jipya. Umenipata?"

"Nimekupata."

Alitia gia. Siku Jagjit atakaposimama mbele ya ndugu zake na kumwita Barnabas, hakutakuwa na mtu wa kuitika.