Mlango wa Kutokea

Mwili wa mhadhiri wa falsafa ulikutwa uani, nyuma ya jengo la kitivo, saa tatu asubuhi, shati limelowa manyunyu. Juu yake, ghorofa ya nne, mlango wa roshani ulikuwa wazi, ukijigonga ukutani kwa upepo.

Kufikia saa sita mkuu wa kituo cha polisi alikuwa ameshapata mtu wake: mwanafunzi wa uzamivu ambaye wenzake walimpachika jina la Maswali. Juzi yake alisikika akimfokea marehemu ukumbini. Wakamkamata kwa sheria ya dharura, ile inayoruhusu mtu kuwekwa ndani bila shtaka wala wakili mpaka wakubwa waridhike.

Inspekta aliyekabidhiwa jalada alikuwa mwanamke wa makamo, mgumu wa kudanganyika. Alimkuta Maswali sakafuni mahabusu, mdomo umevimba.

"Mligombana nini na mwalimu wako?"

"Hatukugombana, mama, tulibishana. Yeye alisema sheria ikisimamishwa kwa kisingizio cha kuiokoa, hairudi tena kuwa ileile. Mimi nikasema haikuwahi kuwa yetu hata kabla ya kusimamishwa. Sauti zikapanda. Tukatoka hapo tukaenda kunywa chai."

"Nani aliwaona mkinywa chai?"

"Sijui." Akaanza kulia. "Wamesema nikisaini kwamba nilimsukuma, wataacha kunipiga. Nitasaini, mama. Siwezi tena."

"Usisaini. Nipe mpaka jioni."

Aliyasema hayo ingawa kwa sheria ile hata yeye hakuwa na uwezo wa kumtoa.

Alikwenda moja kwa moja kwa mjane. Mama huyo alikuwa ameketi jikoni na khanga yake begani, akiutazama mswaki wa mumewe kwenye kikombe kama vile utasema kitu.

"Pole sana, dada. Inabidi nikuulize. Alikuwa na huzuni siku hizi?"

"Huzuni? Leo asubuhi alikuwa anarukaruka kama mtoto! Wiki nzima mwanzo wa mhadhara wake wa jioni ulikuwa umemkwama. Leo katoka bafuni na povu mdomoni, anapiga kelele: nimeupata! 'Mtu huru ni yule mwenye mlango wa kutokea.' Nikamwambia, hayo maneno hata mimi siyakubali. Akacheka. 'Wala mimi siyakubali! Nataka wao wayakubali kwanza, ndipo niwaulize: na yule mliyemfungia mlango ninyi wenyewe?' Akavaa viatu, akakimbilia ofisini. Hata chai hakunywa."

Inspekta alimshika mkono, kisha akaaga.

Profesa, mkuu wa idara, ndiye aliyewafundisha wote wawili, marehemu na Maswali. Kitabu chake kuhusu dola na hali ya hatari kilikuwa kimempa jina hata ng'ambo. Alimpokea Inspekta ofisini kwake, macho mekundu.

"Mwachieni yule kijana," alisema kabla hata ya kuulizwa. "Hakuua mtu. Marehemu alijitupa mwenyewe."

"Umejuaje, Profesa?"

"Tulionana mara ya mwisho Ijumaa. Alikuwa amekata tamaa kabisa. Aliniambia, mtu huru ni yule mwenye mlango wa kutokea. Kumbe alikuwa ananiaga."

Inspekta aliiandika sentensi hiyo daftarini.

"Ijumaa? Una hakika?"

"Ijumaa. Leo sikumwona. Nilikuwa nyumbani mpaka waliponipigia simu, nikamkuta ameshafunikwa shuka."

Inspekta aliomba radhi, akatoka hadi kwenye korido, akampigia mjane.

"Dada, yale maneno aliyotoka nayo bafuni, aliwahi kuyasema kabla ya leo?"

"Hata siku moja. Ndiyo maana alifurahi vile."

"Na wewe umemsimulia nani?"

"Wewe tu. Nani mwingine kaja hapa?"

Alirudi ndani, akafunga mlango.

"Profesa, Ijumaa sentensi hiyo haikuwepo. Kaipata leo, anapiga mswaki. Mke wake aliisikia, akaniambia mimi peke yangu. Wewe uliisikilia wapi?"

Profesa alisukuma kando karatasi zilizokuwa mbele yake.

"Roshani," alisema. "Tangu akiwa mwanafunzi wangu, kila wazo lake jipya alinijaribia mimi kwanza."

"Na leo lilikuwa linakuhusu wewe."

"Waliotunga sheria ya dharura walikitegemea kitabu changu. Walikuja nyumbani, wakaniuliza, nikawaeleza, nikaona fahari. Jioni hii angelisema hilo mbele ya ukumbi mzima."

"Angesema uongo?"

"Angesema kweli! Nilimsihi, Inspekta. Mimi, niliyemfundisha Kijerumani cha wanafalsafa neno kwa neno, nilimsihi. Akaniwekea mkono begani, akasema, 'Mwalimu, njoo ukae mbele, unijibu.' Kwa upole kabisa. Huo upole ndio ulioniua. Nikamsukuma. Ukingo ni mfupi, sakafu imelowa..." Akajifunika uso. "Nikashuka ngazi za nyuma, nikaenda nyumbani kusubiri simu."

Inspekta alitoa pingu. Profesa akanyanyua kichwa.

"Nitahitaji wakili."

"Maswali naye alihitaji."

Kumweka ndani kwa sheria ileile kungekuwa rahisi. Fomu zilikuwamo ndani ya gari. Badala yake Inspekta alichukua simu, akamtafutia wakili.

Kituoni, mkuu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kazi nzuri. Profesa atakwenda mahakamani kama kawaida. Ila yule kijana ni wa dharura. Amri ya kumtoa hutoka wizarani."

"Mkuu, aliyeua amekiri!"

"Hata yule amekiri. Amesaini saa nane."

Inspekta alikwenda mahabusu akakuta mjane ameshatangulia. Alikuja kumwona muuaji wa mumewe, na askari, kwa kutojua, walimwonyesha Maswali. Inspekta alimweleza ukweli pale pale. Mama yule akaingiza mkono kati ya nondo, akamshika kijana kichwani.

"Wamempata, mwanangu. Si wewe."

"Kwa hiyo natoka?"

Inspekta alipiga simu wizarani. Iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena.